"Wabeja" Hailipi Kodi ya Chumba, Ila Usiidharau

Kuna dada mmoja Malambo, hapo Bariadi mjini. Jina lake likae pembeni, maana karibu kila mtaa una wa kwake. Ana digrii ya ualimu wa hesabu, na kwa muda mrefu kazi yake ya kila siku ilikuwa kushika simu na kuangalia kama kuna ajira zimetangazwa. Leo hamna. Kesho hamna. Siku moja akachoka. Akavaa vizuri, akaenda shule ya msingi ya jirani, akamwona mwalimu mkuu, akaomba awe anawasaidia hesabu watoto wa darasa la saba, siku tatu kwa wiki, kwa muhula mmoja.

Vijana wa kijiwe cha bodaboda pale kona wakapata stori ya wiki nzima.

"Sista, wanakulipa bei gani?"

"Hawanilipi."

Wakacheka hadi mmoja akashuka kwenye pikipiki. "Basi mwisho wa mwezi utapokea wabeja!"

Wabeja ni asante ya Kisukuma. Ni neno tamu, ila mwenye nyumba halipokei. Ukienda dukani na wabeja hupewi hata kiberiti. Kwa hiyo vijana wale walikuwa wanatania, lakini ndani ya utani wao kuna swali la maana kabisa: mtu asiye na kipato anafaidika nini kwa kufanya kazi bila kulipwa?

Mitandaoni swali hili lina majibu mawili, na yote mawili yanachosha. La kwanza ni la wale wa maneno ya kutia moyo: jitolee tu, milango itafunguka yenyewe. La pili ni la wale wenye hasira: kujitolea ni kutumikishwa, kataa. Kijana wa Bariadi mwenye cheti kabatini hasaidiki na jibu lolote kati ya haya. La kwanza linamdanganya, la pili linamrudisha kitandani.

Tatizo lenyewe lilivyo kubwa

Mwanzoni mwa mwaka 2025 serikali ilifanya usaili wa walimu kupitia Sekretarieti ya Ajira. Nafasi zilikuwa 14,648. Walioomba walikuwa 201,707. Ukigawanya, ni karibu watu 14 wanagombea kiti kimoja. Na wote hao wana vyeti. Maana yake cheti, ambacho mzazi aliuza ng'ombe ili kipatikane, hakimtofautishi tena mtu na mwenzake. Kinamwingiza tu kwenye foleni.

Simiyu hali haina tofauti, pengine ni ngumu zaidi. Huu ni mkoa mchanga, ulianzishwa mwaka 2012 kutokana na Shinyanga, na maisha yake yanasimama juu ya pamba na mifugo. Bei ya pamba ikishuka, muuza chipsi anajua, fundi nguo anajua, hata kijana wa boda anajua kabla hajasikia redioni. Kampuni za kumwajiri kila anayemaliza chuo hazipo. Anayerudi Bariadi na digrii anarudi kwenye mji unaompenda, unaomsalimia vizuri asubuhi, lakini hauna ofisi ya kumpa.

Hapo ndipo kujitolea kunapoingia. Hakuwezi kuwa mbadala wa ajira, na anayesema hivyo aulizwe yeye analipwa na nani. Ila kunaweza kumpa kijana vitu ambavyo foleni ya watu 14 haina.

Kwanza, ukweli wa upande wa pili

Kabla ya kusifia, haki itendeke. Neno "kujitolea" limechafuliwa, na waliolichafua wanajulikana kwa tabia hata kama majina hayatajwi.

Kuna kaka mwingine, wa mji huohuo. Huyu alisomea uhasibu. Akapata nafasi ya "kujitolea" kwenye ofisi moja. Alipofika aliambiwa avumilie miezi mitatu, bajeti ikitoka ataingizwa. Miezi mitatu ikawa mwaka. Mwaka ukawa miaka mitatu. Uhasibu wenyewe hakuugusa. Alikuwa anatoa kopi, anapeleka barua, anamletea bosi supu asubuhi. Nauli alikuwa anampa mama yake, anayeuza dagaa sokoni. Kila akitaka kuondoka, anakumbushwa: "Dogo, ukiondoka sasa na bajeti ikatoka kesho, usije ukalia."

Bajeti haikutoka. Alipoondoka hakupewa hata barua.

Wanaosema kujitolea ni kutumikishwa wanamzungumzia kaka huyu, na wako sahihi. Kilichomtokea ni kazi ya kudumu isiyo na mshahara, iliyofunikwa kwa jina zuri. Aliyefaidika ni ofisi. Mama muuza dagaa ndiye aliyekuwa anagharimia ofisi ya watu.

Sasa, kati ya dada wa Malambo na kaka huyu kuna tofauti gani? Wote hawakulipwa. Wote walikuwa na vyeti. Tofauti ni kwamba dada alichagua kazi yenyewe, akasema siku ngapi na mpaka lini, na kazi hiyo ilikuwa ileile aliyosomea. Kaka alichaguliwa kazi, hakuambiwa mwisho wake, na alichokifanya hakikumfundisha chochote. Hiyo ndiyo mizani. Kila anayefikiria kujitolea aitumie kabla hajatoa hata siku moja.

Wasukuma walishalijua hili zamani

Wapo wanaodhani kujitolea ni mambo ya kuletwa na mashirika yenye magari meupe. Si kweli. Usukumani vijana walikuwa na vikundi vyao vya kulima, elika, vyenye kiongozi wao, nsumba ntale. Kikundi kinaingia shamba la mtu, majembe yanashuka kwa pamoja, ngoma inapigwa. Bugobogobo, ngoma ya majembe ambayo leo watu wanairekodi kwa simu kwenye sherehe na kuiposti, ilizaliwa kwenye kazi. Haikuwa shoo. Ilikuwa namna ya kumaliza heka ndefu bila mtu kuhisi mgongo.

Lakini angalia utaratibu wake. Mwenye shamba alikuwa na wajibu wa kuwalisha waliokuja. Kazi ilikuwa na mwisho, shamba likiisha watu wanaondoka. Na zamu ilizunguka: leo kwako, kesho kwa mwingine. Kijana asiyeonekana kwenye mashamba ya wenzake alijulikana, na siku yake ikifika alijulikana tena.

Yaani mababu hawakuwa wajinga. Walijitolea kwa kipimo, na walichotoa kilirudi. Ile ofisi ya kaka mhasibu ingepelekwa mbele ya nsumba ntale ingetozwa faini.

Kinachopatikana kweli

Dada wa Malambo alipata nini basi, zaidi ya wabeja?

La kwanza ni ujuzi ambao chuo hakikumpa. Chuoni alifundishwa kuandaa somo la darasa lenye vitabu vya kutosha. Darasa alilolikuta lina watoto wengi, madawati yanabanana, na nusu yao nyumbani wanaongea Kisukuma kuliko Kiswahili. Wiki ya kwanza alitoka jasho. Wiki ya tano alishajua kufundisha sehemu kwa kutumia viazi na kisu, na mtoto aliyekuwa anajificha nyuma akawa ananyoosha mkono. Ukimuuliza leo "umewahi kukutana na changamoto gani darasani?", swali ambalo kwenye usaili linawafanya wengi waanze kukohoa, ana majibu ya nusu saa.

La pili ni watu wa kumsemea. Mjini watu wanapenda kulalamika kwamba kazi zinapatikana kwa koneksheni, na mara nyingi ni kweli. Ila koneksheni si mjomba tu. Mwalimu mkuu aliyemwona mtu akifika saa nane kamili kwa muhula mzima, bila kulipwa, bila kusukumwa, huyo ni koneksheni. Mwenyekiti wa mtaa ni koneksheni. Mzazi ambaye mwanawe amepanda kutoka mkiani ni koneksheni kubwa kuliko anavyodhani mwenyewe. Mtoto wa maskini asiye na mjomba ofisini anaweza kujitengenezea wajomba wake kwa kazi inayoonekana.

Hata sehemu zenye takwimu limeonekana. Marekani mwaka 2013, taasisi ya serikali inayoshughulikia kujitolea ilitoa utafiti uliotumia takwimu za miaka kumi za watu zaidi ya 70,000. Waliokuwa hawana kazi lakini wakajitolea walikuwa na uwezekano wa kupata kazi uliozidi wa wenzao kwa asilimia 27. Kwa wanaoishi vijijini tofauti hiyo ilifika asilimia 55. Kweli, Marekani si Bariadi, na huenda anayejitolea ni mtu ambaye tayari ana moto ndani yake. Ila hicho cha vijijini kina mantiki ambayo hata Nyakabindi inaeleweka: mahali watu wanapojuana, jina la mtu linatembea haraka kuliko barua yake ya maombi.

La tatu ni kwamba serikali nayo inaanza kuwatazama waliokuwa wakijitolea. Mfano mzuri ni wahudumu wa afya ngazi ya jamii. Kwa miaka mingi hawa walikuwa watu wa kuzunguka nyumba kwa nyumba, kuwahimiza wajawazito waende kliniki, kuulizia chanjo za watoto, na malipo yao yalikuwa posho ya mara mojamoja ya mradi ukiwepo. Januari 2024 serikali ilizindua mpango wa kuwa na wahudumu hao zaidi ya 137,000 nchi nzima ndani ya miaka mitano, wakipewa mafunzo ya miezi sita na posho. Na wanatakiwa kutoka kwenye jamii ileile wanayoihudumia. Sasa kwenye mtaa kama Somanda au Sima, watu wakiulizwa "nani anafaa?", hawatamtaja mwenye wafuasi wengi Instagram. Watamtaja yule aliyekuwa anawabisha hodi kabla hakujawa na posho.

La nne watu hawalisemi sana: kujitolea kunamwonyesha mtu nani wa kufanya naye biashara. Halmashauri zinatoa mikopo isiyo na riba kutoka kwenye asilimia 10 ya mapato yao ya ndani: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Vijana wanaipata wakiwa kikundi. Na vikundi vingi vinakufa kwa sababu moja tu, viliundwa wiki ileile fomu zilipotoka, na watu wasiojuana. Mmoja anachukua hela anahamia Mwanza, waliobaki wanalipa deni. Lakini vijana ambao wamesafisha mtaro pamoja Jumamosi ya mwisho wa mwezi, miezi sita mfululizo, wanajuana. Wanajua nani anakuja na jembe na nani anakuja na visingizio. Mkoa huuhuu, vijana wa Maswa walijikusanya wakatengeneza chaki, wa Meatu wakasindika maziwa. Vitu kama hivyo havianzi na fomu. Vinaanza na watu kuaminiana.

Na kuna la tano, la ndani

Mtu anayekaa mtaani muda mrefu bila kazi hapungukiwi hela peke yake. Anaanza kuamka saa nne. Anaacha kunyoa ndevu, anaacha kusuka. Simu inakuwa dirisha la kuangalia wenzake wanavyokula bata, na kila picha anaiona kama anasemwa yeye. Shangazi akija kusalimia anajifungia chumbani, maana swali la kwanza litakuwa "mwanangu, kazi vipi?" Wengine wanaishia kwenye kubeti, wengine kwenye pombe za mtaani, wengine kwenye ukimya ambao familia inauona na haijui iuiteje.

Kwa mtu huyo, siku tatu za kwenda mahali anaposubiriwa ni dawa. Watoto wa darasa la saba walikuwa wanamkimbilia yule dada getini, "Madam kafika! Madam kafika!" Nyumbani alikuwa mzigo, au alijiona hivyo. Getini alikuwa Madam. Mtu anayeitwa Madam mara tatu kwa wiki hawezi kulala mpaka saa nne.

Hata kuchangia damu kunafanya kazi hiyohiyo kwa muda mfupi zaidi. Mwenye miaka 18 na kuendelea, kilo zisizopungua 50 na afya njema anaweza kuchangia, mwanaume kila baada ya miezi mitatu, mwanamke kila baada ya miezi minne. Hakuna anayemuuliza mchangiaji kama ameajiriwa. Mama aliyepoteza damu wakati wa kujifungua hataki kujua aliyempa ana CV ya kurasa ngapi.

Mambo ya kuangalia kabla ya kuingia

Anayetaka kujitolea asiingie kichwakichwa. Aulize kazi ni ipi hasa, kwa siku ngapi, na inaisha lini. Miezi mitatu hadi sita inatosha kuonekana na kujifunza; baada ya hapo kila mwezi wa nyongeza uwe na sababu. Aombe barua ya kuanza na barua ya kumaliza. Aandike kwenye daftari alichofanya kila wiki, maana "nilijitolea shuleni" ni maneno tu, lakini "nilifundisha hesabu watoto 60 kwa wiki 12" ni kazi.

Abakize siku za kutafuta hela. Kujitolea siku tano kwa wiki ukiwa huna pa kula si moyo, ni njaa. Dada wa Malambo alichagua siku tatu kwa sababu siku nyingine alikuwa anamsaidia mama yake kuuza maandazi.

Akiambiwa alipie "ada ya usajili" ili apewe nafasi ya kujitolea, akimbie. Binti akiambiwa nafasi hiyo inajadiliwa jioni, nje ya ofisi, akimbie zaidi.

Na kamera zipumzike. Kupeleka sabuni katoni moja kwenye kituo cha watoto yatima, kisha kuposti picha 20 za watoto wa watu wakiwa wamepangwa mstari, ni shoo. Watoto wale watakua, na picha zitakuwa bado zipo. Anayetaka kuonekana aposti mtaro uliosafishwa.

Mwisho wa stori, ambao haujaisha

Ingekuwa filamu, dada wa Malambo angeajiriwa shule ileile, vijana wa boda wakapiga makofi. Haikuwa hivyo. Alienda kwenye usaili, hakupata. Kujitolea hakukumpa alama za bure, na aliporudi alilia siku mbili. Wanaoahidi kwamba milango hufunguka yenyewe wangemwona siku hizo.

Siku ya tatu walikuja wazazi wawili, wakafuatwa na wa tatu. Walitaka awafundishe watoto wao jioni, na safari hii walikuja na hela. Si nyingi, ila zinalipa chumba. Walimjua kutokana na nini? Muhula ule wa bure. Tangazo la ajira likitoka ataomba tena, akiwa na barua ya mwalimu mkuu na daftari lake la wiki kumi na mbili.

Yule kaka mhasibu naye hajaacha kujitolea, japo wengi wangeacha. Sasa anakiandikia hesabu kikundi cha kinamama wa mtaani kwao, Jumapili moja kwa mwezi, saa mbili tu. Alisema mapema kabisa: saa mbili, zikiisha naondoka. Kwa mara ya kwanza tangu atoke chuo, anafanya uhasibu.

Na juzi bibi mmoja mwenye mjukuu darasa la saba alipita Malambo na mfuko wa matobolwa kichwani, viazi vilivyochemshwa vikakaushwa. Akamtafuta Madam, akampa mfuko wote, akasema, "Wabeja, mwanangu. Wabeja gete."

Vijana wa boda walikuwepo, na wakaanza kucheka kama kawaida yao. Mmoja hakucheka. Bibi alipoondoka alisogeza pikipiki, akauliza kwa sauti ya chini kama hesabu za mtu aliyeishia darasa la saba miaka kumi iliyopita zinaweza bado kufundishika.

Akaambiwa aje Jumanne, saa kumi. Bure, kwa mwezi mmoja.